Asante ya Punda

Hakuna mtoto wa nchi hii aliyekanyaga darasa la nne asiyeijua methali isemayo kwamba asante ya punda ni mateke. Walimu huwakaripia kwayo wanafunzi wakaidi. Wazazi huwalaumu kwayo watoto wasiorudisha wema. Wanasiasa nao huwalaani kwayo wapiga kura waliokula wali wao kisha wakaenda kumchagua mtu mwingine. Imepita katika vinywa vingi mno hata imekuwa kama sarafu kuukuu ambayo sura yake imefutika kwa kushikwashikwa, na kila mtu huipokea bila kuitazama. Mimi naomba ruhusa ya msomaji niikatae. Nathubutu kusema kwamba ni sarafu ya bandia. Ni masingizio, tena ni masingizio yaliyotungwa na mdeni juu ya mdai wake.

Asante haidaiwi ila mahali palipotangulia hisani. Basi na tufungue daftari tuone ni nani aliyemkopesha mwenziwe. Upande wa punda yameandikwa maji tuliyokunywa, kuni tulizopikia, magunia ya mahindi yaliyofika sokoni, saruji na kokoto zilizojenga madarasa yetu. Na katika mji wa Lamu yameandikwa mawe ya matumbawe, maboriti, chokaa na mchanga uliopitishwa ndani ya shogi katika vichochoro vile vyembamba visivyopitika kwa gari. Mji huo ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni huja kutoka mbali kuzisifu kuta na milango yake. Sijapata kusikia mgeni aliyeuliza mawe yale yalifikaje kutoka gatini mpaka kiwanjani. Upande wetu yameandikwa nini? Majani ya kando ya njia, ambayo hatukuyapanda sisi. Maji, kama yamebaki. Na fimbo.

Deni lenyewe ni la zamani sana. Mwaka 2022 wataalamu wanaochunguza nasaba za wanyama walitangaza kwamba punda wote wafugwao duniani, wa Asia, wa Ulaya na wa Amerika, wametokana na punda-mwitu waliofugwa katika upande huu wa mashariki wa Afrika miaka 7,000 hivi iliyopita. Kwa maneno mengine, alianza kututumikia kabla farasi hajajua hatamu. Huko Abydos, katika Misri ya kale, wachimbuaji waliona mifupa ya punda kumi waliozikwa kwa heshima karibu na kaburi la mfalme yapata miaka 5,000 iliyopita. Na mifupa ile ilikuwa na alama za kuchakaa kwa mizigo. Mfalme alitaka kwenda nao ahera. Huenda hiyo ndiyo asante kubwa kuliko zote aliyopata kupewa punda, nayo alipewa ili aendelee kubeba. Walakini angalau wale walizikwa. Punda-mwitu mwenyewe, babu yao wote, leo amebakia mia kadhaa tu katika majangwa ya Eritrea na Ethiopia.

Sasa na tuyatazame hayo mateke. Mtu aliyekaa na punda anajua kwamba mnyama huyu hapigi teke kwa furaha, wala kwa uovu wa moyo. Hupiga akitishwa kutoka nyuma, akiguswa mahali penye jeraha, au akiona kwamba hana njia nyingine ya kujiokoa. Kadhalika huo tuuitao ukaidi wake. Farasi akiogopa hutimua mbio; punda akiogopa husimama. Husimama ili aangalie, apime, ajue kama daraja litamchukua au kama lile jambo lililo mbele yake ni nyoka au ni kamba. Ni busara ambayo laiti madereva wetu wa matatu wangekuwa nayo. Sisi tunakuja nyuma yake na rungu, tunaiita busara hiyo upumbavu, kisha tunachukua jina lake tukawatukane nalo watu. Tena punda ana tabia moja inayomponza kuliko zote: haonyeshi maumivu. Atavumilia kidonda, kwato zilizooza, na njaa, akisimama kimya na masikio yake yameinama kidogo, hata mwenyewe adhani kwamba hana neno. Mbwa hulia, nasi humhurumia. Punda hunyamaza, nasi tukaandika katika methali zetu kwamba hana shukrani.

Ninaposema hivi sijitii katika kundi la wasafi. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili nilizoea kupelekwa likizo kwa mjomba wangu, katika nyanda kavu za Ukambani, ambako mto hukauka miezi mingi na watu huchimba mchangani kutafuta maji. Mjomba alikuwa na punda mmoja. Hakuwa na jina, aliitwa yule. Kila asubuhi nilimswaga mpaka mtoni, nikamfunga mitungi minne ya lita 20, miwili huku na miwili huku, nikapanda naye kilima hadi sokoni tulikouza maji. Msomaji aliyesoma hesabu ataona kwamba hizo ni kilo 80. Punda wetu wa kienyeji huwa na uzito wa kilo 150 hivi, na watu wanaomjua husema kwamba mgongoni asichukuzwe zaidi ya theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50. Mimi sikujua hayo, na sidhani kwamba ningalijua ningalijali. Nilichokijua ni kwamba mjomba alitaka safari nne kabla jua halijawa kali.

Hapakuwa na tandiko la maana. Gunia moja kuukuu tu, na kamba. Kamba ile ilikula ngozi ya mgongo wake karibu na mabega mpaka ikafanya kidonda cha ukubwa wa kiganja. Wavulana wenzangu wa mtoni wakanifundisha elimu yao: punda akichoka kilimani, usimpige matakoni, maana pamekufa ganzi, chukua kijiti, kitie pale kidondani, utaona atakavyokwenda. Nikafanya hivyo. Kweli alikwenda. Nilifanya hivyo siku nyingi, nikifurahia kwamba sasa ninafika sokoni mapema kuliko wengine, na mjomba akinisifu mbele ya watu kuwa kijana wake ni hodari.

Siku moja nyanya yangu, mzaa mama, alikutana nami njiani. Hakunipigia kelele. Alinyosha mkono akakichukua kile kijiti, akakinusa, kisha akanirudishia akaniambia, "Nusa." Nikanusa. Harufu ile ninayo mpaka leo. Nyanya akaenda zake shambani bila kusema neno la pili, nami nikabaki na punda katikati ya njia, wote wawili tumesimama.

Nataka msomaji aangalie jambo moja katika kisa hiki. Katika siku zote nilizomchokoa kwa kijiti, punda yule alikuwa na miguu minne mizima, nami nilikuwa mtoto wa kilo 30 nikitembea nyuma yake kwa hatua moja. Hakunipiga teke hata mara moja. Kama asante yake ilikuwa mateke, basi mimi nilikuwa mtu wa kwanza kustahili kupewa, na hakunipa.

Wako watu watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya kitoto, na kwamba mwanadamu alipewa mamlaka juu ya wanyama na Mwenyezi Mungu mwenyewe. Nimeyasikia maneno hayo kwa watu wa msikitini na kwa watu wa kanisani, na hushangaa kwamba wote wawili huacha kusoma mara wanapofika kwenye neno mamlaka. Sheria ya Musa iliamuru kwamba siku ya mapumziko ni ya punda vilevile kama ilivyo ya bwana wake. Iliamuru tena kwamba ukimwona punda wa mtu akuchukiaye ameanguka chini ya mzigo, usipite. Umsaidie huyo adui yako kumwinua. Katika kisa cha Balaamu, aliyemwona malaika njiani ni punda, na aliyekaripiwa kwa kupiga ni nabii. Katika mapokeo ya Kiislamu tunaambiwa habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula wala ruhusa ya kujitafutia, na habari za mkosefu aliyesamehewa kwa kumchotea maji mbwa mwenye kiu. Na tunaambiwa kwamba Mtume alighadhibika alipomwona punda aliyetiwa chapa ya moto usoni. Mamlaka hayo, basi, ni kama mamlaka ya msimamizi wa mali ya yatima. Anaruhusiwa kuingia ghalani, naam, lakini atakapotoka ataulizwa.

Wengine husema kwamba mnyama hana akili, wala hawezi kudai haki yake. Hoja hii haikai hata kidogo. Mtoto mchanga hana akili ya kudai haki, na hakuna mtu mwenye utu asemaye kwamba kwa hiyo anaweza kuchomwa kijiti. Asiyeweza kujisemea hatuachiwi tumtende tupendavyo. Jukumu letu kwake huzidi, maana hakuna mwingine wa kumsemea. Hapa sina haja ya kukawia.

Hoja inayonipa taabu ni ya tatu, nayo ni ya maskini. Huniambia hivi: "Wewe umeshiba, umekaa na kalamu yako. Mimi nina watoto watano na punda mmoja. Nikimpumzisha, hatuli. Nikimnunulia tandiko, ada ya shule haitoshi. Nihurumie mimi kwanza, halafu tutazungumza habari za punda." Mtu asemaye hivi hasemi uongo. Mjomba wangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuwa mkatili, alikuwa amebanwa. Mara nyingi mwenye punda na punda wake wanafunga njaa siku moja, na mzigo unaomlemea mmoja unamlemea mwingine. Si kitu cha bure kwamba watu wakizidiwa na kodi na bei za vitu hujiita wenyewe punda, wakasema kwamba punda amechoka. Walakini nachunguza nikaona kwamba mengi katika ukatili wetu hayana uhusiano wowote na umaskini. Kutia kitambaa kinene chini ya kamba hakugharimu fedha. Kumfungua mchana avingirike vumbini na kunywa maji hakugharimu fedha. Kuacha kumpiga kichwani hakugharimu kitu. Kijiti changu hakikumwongezea mjomba hata senti moja. Kilinifikisha sokoni kabla ya wenzangu, basi. Umaskini ni udhuru wa mzigo mzito, na udhuru huo mara nyingine naukubali. Si udhuru wa kijiti.

Watu wema wanaomtetea punda hukutana na hoja hii ya maskini kila siku, nao wamezoea kuijibu kwa hesabu. Humwambia mwenye punda: mtunze mnyama wako, maana akiwa na afya atafanya kazi miaka mingi zaidi na faida yako itaongezeka. Maneno haya ni ya kweli, nami sina ugomvi na wayasemao. Yamewaponya punda wengi. Lakini tuangalie tusije tukajenga nyumba yote juu ya nguzo hiyo moja. Kama ninamtunza punda kwa sababu ya faida, nitafanya nini siku ile faida itakapokuwa katika kumwua?

Siku hiyo ilifika Kenya mwaka 2016. Huko China kuna dawa ya tangu kale iitwayo ejiao, ambayo hupikwa kwa kuchemsha ngozi za punda mpaka zitoe utomvu kama gundi. Zamani ilikuwa dawa ya wachache. Utajiri wa nchi ile ulipozidi, ikawa dawa ya wengi, kisha ikatiwa katika vitafunio na vipodozi. Punda wa China, waliokuwa zaidi ya milioni 10 mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipungua hata hawakufika milioni 3. Wafanyabiashara wakageukia Afrika. Katika nchi yetu machinjio manne ya punda yalifunguliwa kwa idhini ya serikali: Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, lilichapisha mwaka 2019 hesabu iliyoonyesha kwamba punda zaidi ya 300,000 walichinjwa kati ya mwaka 2016 na mwaka 2018, likaonya kwamba mambo yakiendelea hivyo punda wa Kenya wangeweza kumalizika kufikia mwaka 2023. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini, ile ya mwaka 2019 ilihesabu milioni 1.2 hivi. Punda jike huchukua mimba mwaka mzima kumzaa mwana mmoja. Hakuna machinjio duniani yawezayo kungoja hivyo.

Ndipo wizi ulipoanza. Watu walilala na punda wakaamka na kamba iliyokatwa. Vijana wakatumwa kutafuta, wakakuta mizoga kichakani, nyama imeachwa, ngozi imechukuliwa. Mwanamke aliyekuwa akiuza maji akawa akibeba mtungi mgongoni mwake mwenyewe, kamba imempita kipajini, na binti yake akaacha shule kwenda kumsaidia. Wenye punda walilalamika hadharani. Mwezi wa Februari mwaka 2020 waziri wa kilimo akatangaza kuyakataza machinjio hayo. Mwezi wa Mei mwaka 2021 Mahakama Kuu ikalitengua katazo lile. Mwezi wa Februari mwaka 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, wakaafikiana kuzuia kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima.

Nimefurahi kwa uamuzi huo, lakini sikuacha kuona jinsi mjadala wake ulivyoendeshwa. Waliopinga biashara walizungumza juu ya uchumi wa mashambani, juu ya wanawake, juu ya wizi, juu ya magonjwa. Walioitetea walizungumza juu ya ajira na fedha za kigeni. Pande zote mbili zilipima, na mizani ilipoegemea huku, punda akapona. Ingaliegemea kule, angalikufa. Ni wachache waliosimama wakasema neno jepesi kabisa: kwamba mnyama aliyetubebea mizigo miaka 7,000 ana dai juu yetu, faida ije au isije. Ngozi ikipanda bei tena, au mikokoteni yenye injini ikienea mpaka kila kijiji kisihitaji punda, ni hoja gani itakayobaki ya kumlinda? Miaka 15 ni kitambo kifupi. Kijana anayesoma maneno haya akiwa kidato cha kwanza hatakuwa amefika miaka thelathini katazo hilo litakapokwisha, na huenda yeye ndiye atakayeulizwa.

Hapa mpinzani wangu wa mwisho husimama akitabasamu. Huniuliza, "Je, Jumapili ulikula nini?" Nilikula mbuzi. Sikatai, wala sitajificha nyuma ya ndizi. Ananiambia kwamba mimi ni mnafiki, nalilia punda huku mikono yangu ina mafuta ya mbuzi. Namjibu kwamba kama mimi ni mnafiki, dawa ya unafiki wangu ni kumwongezea mbuzi huruma. Kumpunguzia punda haki yake hakunitakasi. Sina uhakika kwamba swali la kula nyama limekwisha moyoni mwangu. Wako watu wenye busara walioamua kuacha, nami siwacheki. Lakini hata anayekula ana mipaka. Dini ya jirani yangu inaamuru kisu kinolewe vyema, na mnyama asichinjwe mbele ya mwenziwe. Ni watu wangapi wakumbukao hayo wanapomfunga mbuzi miguu minne nyuma ya pikipiki, kichwa kikining'inia karibu na gurudumu, mwendo wa kilomita 40? Ni nani awatazamao kuku walioning'inizwa vichwa chini juu ya basi katika jua la adhuhuri? Kumla mnyama ni jambo moja. Kumtesa tangu Garissa hadi Nairobi kwa kuwa atakufa tu ni jambo jingine, na anayeyachanganya mambo haya mawili hufanya hivyo kwa sababu mchanganyiko unampa nafasi ya kutofikiri.

Tunayo sheria. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliyokuwako tangu miaka ya 1960. Inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumchukuza mzigo uliomzidi nguvu, na kumfanyisha kazi akiwa hafai kwa ugonjwa au kidonda. Msomaji aisome tena sentensi hiyo akikumbuka barabara yoyote ya soko anayoijua siku ya gulio. Sheria imelala pale kitabuni kama panga lililowekwa darini, na askari anayeongoza magari humwona punda mwenye kidonda akavuta mkokoteni mbele yake, akampungia mkono apite.

Huko Uingereza ilikuwa vilevile. Mwaka 1822 mbunge mmoja kutoka Ireland, Richard Martin, alifaulu kupitisha sheria ya kuwalinda ng'ombe, farasi, punda na kondoo. Wenziwe bungeni walikuwa wamemcheka, na magazeti yalimchora katuni. Sheria ilipopita hakuna aliyeitumia, basi Martin akaenda mwenyewe mahakamani kuwashtaki watu. Inasimuliwa kwamba katika kesi ya muuza matunda mmoja aliyempiga punda wake, mahakimu hawakuonekana kujali, ndipo Martin akaomba shahidi aletwe, na punda akaingizwa mahakamani na majeraha yake. Muuza matunda akatozwa faini. Sisemi kwamba tuwapandishe punda ngazi za mahakama za Milimani, ingawa ningependa kuwako siku hiyo. Nasema kwamba sheria ile ilikuwa karatasi tu mpaka alipopatikana mtu mmoja asiyeona haya kuchekwa.

Na kuchekwa ndiko tunakokuogopa. Mtu akimzuia mwenzake asimpige punda barabarani, watu hukusanyika, nao hawamcheki mpigaji. Humcheka mzuiaji. Humwuliza kama punda ni shemeji yake. Nimepita mara nyingi mahali kama hapo nikatazama upande mwingine, mimi mtu mzima mwenye shahada, kwa hofu ya swali la shemeji. Nayaandika haya ili vijana wasidhani kwamba mwandishi wao ni shujaa.

Punda wa mjomba alifanya kazi miaka mingine tisa. Kidonda chake kilipona, kwa kuwa nyanya alishona tandiko la magunia mawili na pamba ya godoro, akamwambia mwanawe kwamba asipolitumia asirudi kula kwake. Nilipokuwa chuoni nikapata habari kwamba meno yake yamekwisha na magoti yamevimba, na kwamba mjomba amenunua mwingine. Yule mzee hakuuzwa, maana hakuwa na mnunuzi, wala hakuuawa. Alifunguliwa tu akatolewa nje ya lango, kama ilivyo desturi yetu katika miji mingi. Nilipokwenda Desemba nilimkuta. Usiku alilala kando ya barabara, akila maganda ya ndizi na karatasi za sokoni, na kila asubuhi kabla ya mapambazuko alikuja akasimama mahali pake pa zamani, ubavu umeelekea ua, akingoja kufungwa mitungi. Mjomba alimfukuza kwa vijiwe, akaenda, na kesho yake akarudi. Nikamwuliza mjomba kwa nini asimwache aingie, kwani majani yalikuwapo na ua ulikuwa mpana. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la Kigiriki. Akasema, "Huyu? Huyu hana kazi tena hapa."